Madirisha ya Mwalimu Odeta

Odeta Machibya alifundisha kompyuta shuleni kwetu Igoma miaka sita, kwa kujitolea. Neno hilo lisikudanganye. Maana yake alipewa nauli na chai, na kila Januari akaahidiwa ajira. Mimi nafundisha Kiswahili, nalipwa, na kila siku nilimkuta ameshafika.

Mwaka jana mkuu wa shule alimwambia wazi: wafadhili wanakuja Alhamisi, wakiridhika na kazi ya wanafunzi wako, watakulipa mshahara. Wanafunzi walikuwa wametunga programu inayofungua dirisha na kuchora vizimba vya kufugia samaki aina ya sato ziwani, kila kimoja na saa yake ya kulishwa. Waliitunga kwenye kompyuta ya Odeta mwenyewe. Zile kumi na mbili za shule ni kuukuu mno, na lugha ya kompyuta waliyoitungia programu ile haikuwa na toleo la tayari linalozifaa. Ikabidi aijenge lugha hiyo mwenyewe kutoka kwenye msimbo, yaani maandishi yake ya asili.

"Umeichagulia mipangilio gani ya kuijenga?" nilimuuliza, nikijifanya najua.

"Sijagusa kitu, dada. Nimeiacha ilivyo. Walioitengeneza wanajua kuliko mimi."

Basi ikajengwa ilivyo. Na ilivyo, ikikosa maktaba ya kuchorea madirisha, yaani kifurushi cha msimbo wa ziada kinachowekwa kando kwenye kompyuta, haisimami wala haigombi. Inairuka sehemu hiyo, inaendelea, na mwishoni inakuachia mstari mmoja wa taarifa kati ya maelfu. Odeta hakuuona. Aliijaribu kwa kujumlisha namba, ikajibu vizuri, akainakili kwenye kompyuta zote. Jumatano, siku ya kuijaribu programu ya wanafunzi, umeme ukakatika kutwa nzima.

Alhamisi wageni wakasimama nyuma ya wanafunzi. Hakuna dirisha hata moja lililofunguka. Nilitamani kuzipiga teke meza zile.

"Mwalimu, siku nyingine jaribuni kabla ya kuita watu," alisema mgeni mmoja, mama mpole.

"Sawa, mama," Odeta akajibu, akiangalia viatu vyake.

Jumamosi aliiweka maktaba iliyokosekana, akajenga upya. Madirisha yote yakafunguka. Akampigia mkuu simu, mkuu akasema wageni wameshaondoka, na mshahara upo, ila watamleta mwalimu wao.

Iliniuma. Odeta akachukua karatasi, akaandika maktaba zote za kuweka kabla ya kuijenga lugha ile, akaibandika ukutani.

"Huyo anayekuja," alisema, "asije akahangaika."