Sahani Iliyorudi Safi

Kijana mmoja wa kanisa alinipigia simu wiki iliyopita. "Sasa anti," akasema, "tunasafisha stoo. Kuna vyombo za shosho yako hapa, ziko na alama yake. Utakuja kuzichukua ama tuzitupe?" Aliuliza kwa upole, sina ugomvi naye. Alizaliwa wakati sufuria zile za nyanya yangu zilikuwa tayari zimeanza kushika kutu. Nikamwambia asitupe kitu, nikatoka mtaa wa Tena nilikohamia, nikarudi Mbotela, mtaa ambao nilikuwa nimeapa kutourudia ila kwa mazishi.

Ukienda sasa, rafiki yangu, hutaujua. Nyumba za kanjo, za baraza la jiji, tulizokulia, zile za bomba moja la maji kwa majirani wote, zimeanza kubomolewa safu baada ya safu. Pale zilipokuwa pamezungushiwa mabati marefu yenye picha za maghorofa na watu wanaocheka, sijui wanamcheka nani. Kanisa limebaki, lakini limetiwa vioo. Jiko la nyuma limekuwa chumba cha kamera na mitambo ya kurushia ibada mtandaoni. Mlinzi wa langoni aliniuliza nimekuja kumwona nani, nikamwambia nimefuata vyombo tu. Wote niliotamani kuwaona pale wamekufa au wamehama.

Enzi zetu kanisa lilikuwa la mabati, na watu wa makanisa mengine walituita kanisa la siasa. Mchungaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na hilo peke yake lilitosha kutuletea maneno. Alipenda kusema kwamba Mungu hatatuuliza tuliimba vizuri kiasi gani, atatuuliza tulimwacha nani nje. Jumamosi uwanja wa kanisa ulijaa kuliko Jumapili. Kulikuwa na wakili wa kujitolea kwenye kiti cha plastiki, akiwasikiliza watu waliotishiwa kufukuzwa nyumbani. Kulikuwa na vyerehani vya wasichana waliokuwa wakijifunza kushona, na foleni ya mitungi kila mabomba ya mtaa yalipokauka, Waislamu kwa Wakristo, wote wakigombana kuhusu nani alitangulia. Nikifumba macho bado nasikia vyerehani vile, na nanusa moshi wa makaa uliochanganyika na vitunguu.

Jiko lilikuwa milki ya nyanya yangu, aliyenilea. Alishuka Nairobi kutoka Murang'a akiwa bibi arusi, akazeekea Mbotela, na sijawahi kumwona akiketi kanisani mpaka mwisho wa ibada, kwa sababu lazima angeinuka kwenda kuchungulia sufuria. "Imani bila sufuria ni kelele," alikuwa akisema, na mchungaji mwenyewe alicheka akakubali. Alikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ambayo haikuwahi kugusa kucha zake hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutia nukta chini ya kila sahani na kila kikombe chake, maana kwenye matanga na harusi za mtaa vyombo hutembea vyenyewe.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchambua maharagwe. Niliichukia. Nyanya alipitia kila sinia baada yangu, akatoa kijiwe nilichokiruka, akakiinua mbele ya macho yangu. "Hiki kikimvunja mtu jino huko ndani," angesema, "atadhani hata kanisa limempiga."

Huko ndani ni kituoni. Hiyo ndiyo desturi ninayotaka kukusimulia, kwa sababu sijaiona mahali pengine popote. Kijana yeyote wa mtaa akikamatwa, awe wetu au wa msikitini, awe mwizi kweli au amesingiziwa, akina mama wa kanisa walimpikia githeri, mahindi na maharagwe, wakatembea nayo kwenye sahani mpaka kituo cha polisi. Na hawakuacha chakula kaunta. Askari angesema, "Mama, weka hapo, tutampea." Nyanya angejibu, "Sitaki umpee. Nataka nimwone akikula." Kisha angeketi kwenye benchi, leso magotini, sahani juu ya leso, kama mtu anayengoja zamu yake kliniki.

Walimtukana, wakamwita mama mkaidi, siku nyingine wakamfungia mlango wa nje mvua ikinyesha. Hakuondoka. Mwishowe wangechoka wao, wangemtoa kijana mpaka kwenye nondo, naye angekula mbele yao. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni huruma tu. Mchungaji ndiye aliyenieleza, siku nilipomuuliza kwa nini hatuachi tu chakula twende zetu. Alisema mtu aliyeonekana akila na mama wanne si rahisi kusemwa kesho kwamba hakuwahi kuwa pale. Na ukimwona akitafuna upande mmoja, unajua amepigwa upande wa pili.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi jirani yetu muuza vitambaa, mjane wa Kiislamu, na mwanawe wa pekee. Wazazi wa jirani waliingia nchi hii wakikimbia vita, lakini yeye alizaliwa hapa, na mwanawe alizaliwa hapa, na Sheng ya yule kijana, ile lugha ya mtaani, ilikuwa nzito kiasi kwamba mamake alihitaji kutafsiriwa. Alikuwa fundi wa redio na simu, na kibanda chake kilikuwa mkabala na kanisa. Kipaza sauti chetu kilipokoroma ni yeye aliyekuja na bisibisi yake, akakilaza mezani, akakifungua. "Shosho, hii mashine yenu imeskia mahubiri mingi, imechoka," alimwambia nyanya, naye nyanya akamlipa kwa bakuli la githeri na tusi moja la mapenzi. Hakuwahi kuketi kwenye ibada yetu, lakini kila neno lililosomwa pale lilipita kwenye nyaya alizoziunga yeye.

Ulikuja msimu ambao vijana wa jina la Kiislamu na sura kama yake walikuwa wakizolewa na polisi barabarani kama takataka. Asubuhi ya Jumamosi moja wakamchukua kibandani, simu ya mteja ikiwa wazi mezani. Mamake alikuja jikoni kwetu mtandio ukiburuta chini. Hakulia. Alisema tu, "Mama, wamemchukua wangu." Nyanya akaipakua githeri kabla haijaiva sawasawa, akaiweka kwenye sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu, akaifunika kwa nyingine. Jirani akaulizia sufuria. "Hii haijawahi hata kusikia harufu ya nguruwe," nyanya akamwambia, "na wewe unajua." Mchungaji akambakiza jirani kanisani na wakili, waandike maelezo. Nyanya akaenda na wenzake wawili, na mimi nyuma yao na kijiko, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia.

Nilitarajia matusi. Badala yake tulimkuta kaunta askari mgeni, mtu wa makamo, uso safi. Alisimama alipomwona nyanya. Akamsalimia kwa Kikuyu, salamu yenyewe, ile ya kumsalimia mzazi, akamuuliza ametoka upande gani wa Murang'a, akasema hata mama yake ni wa huko huko. Akamletea kiti chake mwenyewe. Kisha akaipokea sahani kwa mikono miwili. Alisema kijana yuko salama, ila leo kuna wakubwa ndani na mgeni haruhusiwi kupita, asije yeye akapoteza kazi. Angempelekea mwenyewe, na sahani angeirudisha.

Nimeifikiria dakika ile miaka yote hii. Nyanya alizoea ukali, na kwa ukali askari hawakumweza hata siku moja. Heshima ndiyo iliyomshinda. Nilimwona akifungua mdomo kusema maneno yake, kisha akaufunga, kwa sababu utamwambiaje mtoto wa watu aliyekupa kiti kwamba humwamini? Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na sisi tulilijua hilo, tulifundishwa darasani. Askari aliingia ndani, akakaa kiasi cha haja, akatoka na sahani tupu. "Amemaliza yote," akasema. "Amesema asante sana, shosho."

Tulirudi tukiwa karibu na furaha. Nyanya alimshika jirani mkono mbele ya kanisa zima akamwambia, "Amekula." Nikamwona yule mama akiketi chini pale pale kwenye vumbi, akamshukuru Mungu wake. Mtu akamletea chai. Nadhani hicho ndicho kitu kinachoniuma kuliko vyote, ile chai, jinsi alivyoinywa kwa amani.

Jioni haikuwa imefika bado tulipoanza kuosha vyombo. Nyanya alichukua ile sahani ya bati kutoka kwenye kikapu aitumbukize kwenye beseni, halafu mkono wake ukasimama hewani. Akaigeuza. Akaipitisha kidole. Akainusa. Haikuwa na ganda la harage, haikuwa na mafuta, haikuwa na chochote. Ilinuka sabuni. Kijiko nilikuwa nimerudi nacho mimi mwenyewe, kikavu, hakuna aliyekiomba.

"Nani huosha sahani kwenye seli?" nyanya akauliza. Hakuniuliza mimi. Alitoka na aproni yake, miguu ikiwa na malapa ya kuogea, na nusu ya kanisa nyuma yake. Kituoni walimkuta askari mwingine, aliyesema hawana mtu kama huyo, hawajawahi kuwa na mtu kama huyo, na kuhusu askari wa Murang'a, hapakuwa na askari wa Murang'a pale. Nyanya akampigia kaunta kwa ile sahani mpaka bati likabonyea. "Nilimletea chakula hapa!" akapiga kelele. Askari akamwuliza kwa utulivu, "Ulimwona akikula, mama?"

Hakuonekana tena. Kanisa lilifanya kila kilichojulikana kufanywa. Wakili alikwenda mahakamani, akina mama waliketi nje ya kituo na mabango, mchungaji alizunguka vyumba vya maiti akimshika jirani mkono, wakifunuliwa nyuso za watoto wa wengine. Kuanzia Jumapili iliyofuata ile sahani iliwekwa kwenye benchi la mbele, tupu, na hakuna aliyeruhusiwa kuketi hapo. Wengine walichoka nayo. Walisema wanakuja kanisani kutafuta amani, si kutazama sahani. Familia moja ikahama, kisha nyingine. Mchungaji akapewa uhamisho, akaja mwingine mwenye suti nzuri aliyetaka benchi la mbele kwa wageni wa heshima. Kipaza sauti kilirudi kukoroma, na kwa muda mrefu hakuna aliyekigusa.

Nyanya aliendelea kupika mpaka miguu ikakataa, lakini ile sentensi yake ya kutaka kumwona mtu akikula sikuisikia tena. Alikuwa akienda kituoni, akiketi, akinyamaza, akitazama mlango. Kila Idi alivuka kwenda nyumba ya pili na sinia ya matunda, akarudi macho yakiwa mekundu. Wakati huo sikujua walikuwa wakiambiana nini.

Sahani niliikuta stoo, chini ya sufuria kubwa, na ukingo wake uliobonyea, na nukta nyekundu chini. Niliacha sufuria, nikachukua hiyo tu. Nilikuwa naelekea barabarani nilipoona kwamba katika safu yetu ya zamani imebaki nyumba moja ina pazia. Majirani wote wamechukua funguo za nyumba walizopewa kwingine wakaondoka. Nikabisha.

Amezeeka, jirani yetu, na haoni vizuri, lakini alinijua kwa sauti. Nikamuuliza kwa nini hajahama, tingatinga liko nyuma ya choo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Akirudi atanipata wapi?" akasema. "Hii ndiyo nyumba anajua."

Nilimpa sahani. Aliigeuza, akaipapasa mpaka kidole kikaipata ile nukta. Kisha akaniambia walichokuwa wakiambiana. "Kila Idi nyanya yako aliniomba msamaha, na kila Idi nikamwambia, mama, wewe ulibeba chakula. Mtaa mzima ulijifungia mlango, wewe ukabeba chakula." Akakirudisha kidole kwenye ile nukta. "Lakini hakuwahi kunisikia."

Nilikaa pale nikasikiliza mashine za nje. Siku hizi wakimchukua kijana, tunaweka picha yake kwenye simu, tunaandika maneno makali, tunalala. Nafanya hivyo hata mimi. Simjui mtu mmoja, Tena wala Mbotela, ambaye angeinuka na sahani akaenda kuketi kwenye lile benchi, na uchungu wangu ni kwamba najua namna inavyofanywa, nililelewa nayo, na sufuria nimeiacha stoo.

Jirani aliinuka polepole, akaenda kwenye jiko lake, akarudi na ile sahani imejaa wali na maharagwe, unafuka moshi. Akaiweka mbele yangu, akaketi mkabala nami, akasogeza uso karibu kwa sababu ya macho yake.

"Kula," akasema. "Nikuone ukikula."

Nilikula. Sikubakiza hata punje, naye hakuondoa uso wake kwangu hata kidogo. Nilipomaliza niliinuka na sahani nikaioshe bombani, kama nilivyofunzwa. Akanishika mkono.

"Iache hivyo," akasema. "Wacha ionekane mtu amekula."