Bendera Nyekundu kwenye Barabara ya Laela

Mpaka leo nikipita kwa fundi cherehani pale kijijini na kuona kitambaa chekundu kimening'inia mlangoni, nageuza uso upande wa pili, na fundi mwenyewe hujifanya anatafuta uzi, maana anajua. Nimewahi kumlilia mzazi wangu akiwa hai. Nililia kwa sauti, nimekaa chini kwenye vumbi, mbele ya mkuu wangu wa shule, wanafunzi wangu, wanakwaya na mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na aliyesababisha yote hayo ni mimi mwenyewe. Ninyi mmeniuliza kama yale mashindano makubwa ya gofu yaliusaidia mchezo huku kwetu, na mimi swali hilo siwezi kulijibu bila kupitia hapo kwenye vumbi.

Nafundisha sekondari iliyo kando ya barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Laela. Somo langu ni Jiografia, ila nilipewa na michezo (ukiwa mwalimu kijana na huna mke, kila kisicho na mwenyewe kinakuja kwako). Mwaka ule nchi yetu iliandaa mashindano makubwa, wakaja wachezaji wa mataifa mbalimbali, redioni hakukuwa na habari nyingine, na kila aliyepewa kipaza sauti alisema sasa gofu itafika kila mkoa, mpaka kwa mtoto wa mkulima. Niliamini, na nadhani niliamini kuwazidi wao waliokuwa wanasema.

Niliamini kwa sababu ya baba. Alipokuwa kijana alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai, na huko kulikuwa na uwanja wa gofu wa wenye shamba, akawa anawabebea mifuko ya fimbo zao. Kwa miaka yote aliyokaa hakuruhusiwa kupiga mpira hata mmoja, lakini macho hayakukatazwa, akatazama. Aliporudi Ufipa akachonga fimbo yake ya mti, na sisi wanawe akatufundisha kwenye malisho nyuma ya nyumba, tukipiga mipira ya nailoni tuliyoifunga kwa kamba. "Ishike kama umeshika kifaranga," alikuwa anasema, "usimuue na asikimbie." Majirani walituona familia yenye kasoro kidogo, wakatuzoea.

Basi nikapiga simu kwa waandaaji wa yale mashindano, nikapiga tena, nikapiga mpaka mama aliyekuwa anapokea akaanza kunitambua kwa sauti, na mwishowe nikaambiwa kuna bwana mmoja atazunguka mikoa ya huku kutafuta shule za kupewa vifaa na mwalimu wa gofu. Angepita kwetu siku moja tu. Akipendezwa, tungepewa, na asipopendezwa angepanda gari aende zake mkoa mwingine na sisi tungebaki na fimbo ya mti.

Wakati huo baba alikuwa amelazwa hospitali mjini Sumbawanga, kifua kinamsumbua, na kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba hali si nzuri. Nilipompa habari za mgeni aliinuka akakaa kitandani. Akaniambia, "Deusi, siku hiyo mimi sitakuwa humu. Nataka nione mpira unapigwa kwenye malisho yangu na mtu wa mashindano anaangalia." Daktari, baada ya kubembelezwa sana, akakubali kumruhusu asubuhi ileile, na dada yangu Sabina aliyekuwa anamuuguza angekodi gari amlete. Kijijini sikumwambia mtu. Mzee alitaka awatokee tu ghafla, na mimi nikaona ni jambo zuri.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojimaliza. Ulikuwa mwezi wa sita, mahindi yameshavunwa, ng'ombe wamekula nyasi mpaka zimekuwa fupi, malisho yetu yamekuwa uwanja kabisa. Tukachimba vishimo, tukafukia makopo ya maziwa, zikabaki bendera za kuonesha kila kishimo kiko wapi. Fundi alikuwa na vitambaa vya rangi mbili, vyeupe na vyekundu vilivyobaki kwenye sare za kwaya. Nikafikiria upepo wa kwetu wa mwezi wa sita na vumbi lake, nikaona nyeupe itachafuka kabla mgeni hajafika. Nikachukua nyekundu. Na kwa kuwa nyumba yetu iko ndani kidogo na malisho yako nyuma ya mwinuko, hayaonekani kutoka barabarani, nikachukua bendera moja nikaichomeka pembeni ya lami, pale njia ya kwetu inapokatia, ili mgeni asipitilize mpaka Laela. Nilisimama nikaitazama, nikajipongeza kwa akili niliyonayo.

Kwetu bendera nyekundu pembeni ya barabara, penye njia ya kuingia nyumbani kwa mtu, ina maana moja. Pana msiba, madereva wapunguze mwendo na wanaotoka mbali wasipotee. Nimezaliwa nimekuta hivyo, nimeshazichomeka mwenyewe kwa majirani, na siku ile, nawaapia, kichwa changu kilijaa gofu mpaka hilo halikupata pa kupita.

Jioni ya kuamkia siku ya mgeni nilikuwa nimeazima turubai la kigango, kanisa letu dogo la kijijini, mabenchi na masufuria makubwa kwa ajili ya chakula cha wageni. Katekista alinipa bila kuniuliza kitu, akanishika mkono akaushikilia muda mrefu, nikadhani anafurahia maendeleo ya shule. Kulipokucha vijana wakafunga turubai uani, wakapanga mabenchi, wakawasha moto, kisha wote tukavuka mwinuko kwenda malishoni kuweka sawa vishimo, nyumbani hakuna mtu, moto unawaka, turubai limesimama, bendera iko barabarani, na mzee yuko hospitali, kila mtu anajua ni mgonjwa. Hata mimi ningepita pale ningevua kofia.

Na kwetu mtu hapigi simu kuuliza kama ni kweli. Anajifunga kanga anakuja. Basi la asubuhi lilipita, waliokuwa ndani wakaona, wakafika Laela wakasema, na shangazi yangu Yustina, dada mkubwa wa baba, anauza mahindi palepale stendi.

Sisi kule nyuma ya mwinuko tulikuwa tunafanya mazoezi ya mwisho na mkuu wa shule amekuja na suti yake ya harusi. Ndipo tukasikia kilio. Kwanza kimoja, halafu vingi, halafu kwaya. Niliacha fimbo nikakimbia, na nilipofika juu ya mwinuko nikaona ua wetu umejaa, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi yangu, na shangazi Yustina ananiona anatupa mtandio, anakuja mikono iko juu, analia kwa Kifipa, anamwita kaka yake.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikusema kitu. Ningesema nini? Mimi nilijua baba ni mgonjwa, na nikawaona watu wote hawa wanalia uani kwetu, na simu yangu nilikuwa nimeiacha ndani. Nikajua wamepigiwa wao, mimi nimekosekana, mzee amefariki asubuhi wakati mimi nafukia makopo. Nilikaa palepale chini nikalia kama sijawahi kulia, na wanafunzi waliokuwa wamenifuata nyuma nao wakaangua kilio, na mkuu wa shule akavua koti la suti akanifunika mabegani. Shangazi alinikumbatia, tukawa tunalia pamoja, mimi nalia kwa sababu yeye analia, yeye analia kwa sababu ya bendera yangu, na hakuna kati yetu aliyemuuliza mwenzake ameambiwa na nani.

Mgeni alifika katikati ya hayo. Aliifuata bendera kama nilivyokusudia, akashuka kwenye gari na kofia ya gofu kichwani, akaona, akaivua. Bwana yule alikuwa na ubinadamu. Alitoa rambirambi, akakaa benchi la nyuma na begi lake la fimbo kati ya miguu, na katekista alipomkaribisha aseme neno akasimama akasema hakubahatika kumfahamu marehemu, ila amesikia alikuwa mpenzi wa mchezo huu, na kwamba mashindano yetu makubwa yaliandaliwa kwa ajili ya watu kama yeye. Watu wakaitikia "Amina."

Alikuwa bado amesimama gari la kukodi, Noah, lilipoingia uani. Akashuka dada Sabina, akazunguka, akafungua mlango wa pili, akateremka baba, ana blanketi mabegani na fimbo yake ya mti anaitumia kama mkongojo.

Kilichosikika ni maharage yanachemka tu. Baba alitazama turubai, akatazama mikeka, akamtazama dada yake, na uso ukambadilika, akaniuliza mimi kwa sauti ya chini kabisa, "Deusi, nani amefariki?"

Alirudia swali, na safari hii akawa anatuhesabu wanawe kwa macho, kuona ni nani amekosekana. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kila mtu hukumbuka kicheko kilichokuja baadaye, mimi hukumbuka macho yale.

"Ni wewe, kaka," shangazi akasema, na akakaa chini.

"Nani kawaambia?"

Shangazi akanyoosha mkono kuelekea barabarani. "Bendera."

Nikageuka nikatazama upande ule, na ndipo yote yakaniingia kwa mara moja, kitambaa, lami, basi, turubai. Nikasema, "Ni ya gofu." Nilisema polepole lakini watu wote walisikia. Mkuu wa shule alikuja akachukua koti lake mabegani mwangu, akalivaa.

Walianza wachache kucheka, wengine walikasirika, na mama mmoja aliyekuwa ametoka mbali kwa miguu aliniambia, "Mwalimu, machozi yangu utanirudishia na nini?" Baba aliomba kiti. Alipokwisha kukaa alimwita mgeni karibu.

"Shikamoo, mzee wangu," mgeni akasema, bado hajajua aifiche wapi aibu yake ya kumhutubia marehemu.

"Marahaba. Nimesikia mwisho wa hotuba, kwamba mashindano yaliandaliwa kwa ajili yangu. Hata kule kwenye chai waliandaa makubwa, wakaja watu kwa ndege. Wakatuambia mchezo utakuwa wetu sote. Yalipoisha wakahesabu fimbo zao, wakafunga geti, nasi tukarudi makwetu tunajua kuokota mipira kwenye majani."

"Safari hii ni tofauti, mzee."

"Inawezekana. Basi ukiondoka acha fimbo moja. Hiyo nitaiona kwa macho."

Wale waombolezaji wote walivuka mwinuko. Walisimama pembeni ya malisho na kanga zao za msiba, na wanafunzi wangu, macho mekundu, wakapiga, wengi wakakosa, wachache wakapata. Baba naye aliweka blanketi chini akapiga mpira halisi kwa fimbo halisi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Haukwenda mbali. Alisimama akautazama ulipoishia, akamrudishia mgeni fimbo yake kwa mikono miwili. Halafu watu wakala chakula, kwa sababu kilikuwa kimeiva.

Mgeni aliacha fimbo mbili na mipira, akaahidi mwalimu na vifaa. Nilipiga simu tena na tena, yule mama akawa ananijibu kwa upole, baadaye ikawa haipokelewi. Lakini vijana waliendelea kucheza na zile mbili. Bendera zangu zilibaki, na ile ya barabarani nayo niliirudisha kila Jumamosi, sasa kwa ukaidi tu, mpaka kijiji kikazoea. Watu wa kwenye basi wakawa wanaoneshana, "Pale kwa mwalimu wanacheza gofu." Nilifurahi sana, nikasema basi mchezo umefika.

Baba alifariki msimu wa mvua uliofuata, kitandani kwake, alfajiri. Nilichukua kitambaa chekundu nikaenda kukichomeka pembeni ya lami, palepale. Tukafunga turubai, tukakaa, tukasubiri. Basi la asubuhi likapita, halikupunguza mwendo, na niliona dirishani kijana mmoja ananipungia mkono. Mpaka mchana tulikuwa sisi wa nyumbani, katekista na wanafunzi wangu wa gofu, tunatazamana kwenye mabenchi matupu. Sabina ndiye aliyepanda pikipiki kwenda Laela, akamkuta shangazi anapima mahindi.

"Niliambiwa bendera iko nje," shangazi alisema alipofika. "Nikasema ni ule mchezo wenu. Nikaendelea kuuza."

Alimkuta kaka yake ameshaoshwa na kuvalishwa, kazi ambayo ilikuwa yake kuisimamia kama dada mkubwa, na hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Sasa bendera zetu za malishoni ni nyeupe, zinachafuka kwa vumbi na wanafunzi wanazifua kila wiki, na kitambaa chekundu sitakigusa tena isipokuwa siku ya kufiwa. Mkiniuliza kama mashindano makubwa yaliukuza mchezo, nitawajibu ndiyo, kwetu ulikua. Ulikua mpaka siku ya msiba wa baba yangu watu wakapita wanatupungia mikono.