Hana Neno

Kama ulitafuta mahali pa kumwacha mtoto asubuhi na kumkuta jioni vilevile ulivyomwacha, ulielekezwa kwa Bibi Kimya. Vilevile, sikutanii: nguo safi, nywele zimekaa, mdomo umefungwa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la kinyozi, kina mikeka, pazia zito dirishani, na watoto wamepangwa ukutani kama vyombo kabatini. Mpita njia asingejua kuna mtu anapumua mle ndani, na bibi alijivunia hilo kuliko kitu kingine chochote alichowahi kufanya.

Jina lilitokana na kazi. Mtoto akianza kuguna, bibi aliweka kidole mdomoni, akakunja uso, akasema "Kimya," mara moja tu, kwa sauti ya chini. Ilitosha. Wanasesere aliwaweka juu ya kabati, maana mtoto akipewa mwanasesere atamsemesha, na kelele zitaanzia hapo. Vitabu vya picha alivyoletewa na mzazi mmoja mwenye kiherehere alivilaza chini ya godoro, visije vikachanwa. Na wazazi walimsifu mpaka basi. Kinyozi, ambaye alipiga domo kutwa na kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake, alikuwa na mtoto mle ndani. "Mpelekeni kwa bibi," aliwaambia wateja. "Wangu sasa hana neno." Hana neno, yaani mpole, hasumbui, unaweza kukaa naye ukasahau kwamba umezaa. Mtaani hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Aliyewashinda wote kwa kutokuwa na neno alikuwa mjukuu wa bibi mwenyewe, mtoto wa binti yake aliyefanya kazi duka la dawa. Mtoto alikuwa ametimiza miaka mitatu, meno yamejaa, anakula vizuri, na bibi alimpenda kupita maelezo. Watu wakimsalimia, anawatazama tu. "Ana adabu huyu," walisema, na bibi akavimba kichwa.

Binti ndiye aliyeingiwa na wasiwasi, akamwomba mama yake wafuatane kliniki. Nesi akamwonyesha mtoto picha ya ng'ombe. Mtoto akaitazama. Akamwonyesha kikombe. Mtoto akakitazama nacho.

"Ana maneno mangapi huyu?" nesi akauliza.

Bibi akajiweka sawa kwenye benchi. Alidhani anaulizwa habari za tabia. "Huyu? Hana neno kabisa."

"Hata moja?"

"Hata moja, tangu azaliwe. Kamuulize yeyote mtaani kwetu."

Nesi akamtazama binti, binti akatazama sakafu, na bibi akaendelea kutabasamu peke yake.

Masikio yakapimwa, yakaonekana mazima. "Anasikia vizuri sana," nesi akasema. "Sijui tu huwa anasikia nini. Mnamsemesha?"

"Asemeshwe nini, na hajui kujibu?"

"Atajuaje kujibu, mama, na hasemeshwi?" Nesi hakuwa mkali, na hilo ndilo lililouma. Akaeleza kwamba umri huu akili ya mtoto inajengwa kwa kusemeshwa, kuimbiwa na kucheza, na kwamba kushiba na kulala tu hakutoshi. Akawapangia siku ya kurudi. Walipokaribia nyumbani binti akasema, "Mama, tukirudi kule naye bado hana neno, namhamisha. Nitampeleka kwingine."

Hapo bibi alishikwa na hofu ya kweli. Umtenge na mjukuu yule, umembakizia nini? Akashusha wanasesere, akatoa vitabu chini ya godoro, akafungua pazia. Shida ikawa mazungumzo. Alikaa mbele ya watoto kama mgeni rasmi aliyesahau hotuba. Mwishowe akaanza kutangaza kazi zake. "Namenya kitunguu. Kitunguu kinaniliza. Si kwamba nina huzuni, ingawa ninayo." Watoto wakamkodolea macho. Siku kadhaa zilipita, mmoja akauliza, "Kwa nini kinaliza?" na toka hapo chumba kikaharibika moja kwa moja. Wakaimba, wakagombana, wakapikiana mchanga, wakataka kujua mvua inalala wapi. Sauti ikamkauka bibi. Kinyozi akaja na malalamiko yake.

"Bibi, jana mwanangu kaniuliza kwa nini naongea sana. Mimi nilikukabidhi mtoto hana neno."

"Nimemtia," bibi akajibu. "Na kesho ukimleta namwongezea."

Wote walifunguka isipokuwa mjukuu. Yeye alibaki palepale ukutani, anatazama. Bibi alimwimbia, akamtajia kila kitu mpaka mfuniko wa sufuria, na siku ya kliniki ikawa inakaribia.

Ilipobaki siku moja, alimpakata akamsimulia tena habari za ng'ombe wa kwenye kitabu. Mjukuu akamgeukia. Akaweka kidole mdomoni, akakunja uso, na kwa sauti ya chini, safi kabisa, akasema, "Kimya."

Bibi alifurahi, tena sana, maana furaha ilifika kabla ya akili. Akili ilipofika, akabaki na kitabu mkononi, ng'ombe kichwa chini miguu juu.

Jioni binti akaingia, mkoba bado begani. "Vipi?"

"Kasema."

"Kasema nini?"

"Kaniita."

"Kakuita kwa jina?"

"Kwa jina."

Haukuwa uongo, mtaa mzima ulimwita hivyo. Binti akamnyanyua mtoto, akacheka, machozi yakamtoka, maneno yakamporomoka: mwanangu jamani, umesema, na mimi niite basi, sema mama, nikusikie. Mtoto akamtazama vizuri. Kisha akanyoosha kidole chake, akakiweka kwenye midomo ya mama yake, akakunja uso.

"Kimya."

Binti akanyamaza papo hapo, kama alivyokuwa akinyamaza utotoni mwake kila aliposikia neno lile. Akamgeukia mama yake taratibu, na bibi hakuwa na pa kuficha macho.

"Usimtii, mwanangu," bibi akasema kwa ile sauti yake iliyokauka. "Wewe endelea kuongea. Na kesho nesi akiuliza ni neno gani, niachie mimi nimwambie."