Zamu Yangu ya Kurusha Ndege

Mwezi uliopita nilikwenda Kinampanda kumsaidia baba kufungasha vifaa vyake vya ufundi redio, maana macho yamemchoka. Ndani ya boksi la spika nikakuta rimoti kuukuu yenye antena ndefu. Nikakaa pale pale sakafuni.

Rafiki yangu, nilipokuwa mtoto sisi tulikuwa na ndege. Mwalimu mmoja mgeni alipohama alimwachia baba ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti, mabawa yamevunjika, na baba hakuweza kuona kitu kibovu akakipita. Aliunda mabawa mapya kwa ile sponji nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni, akayakaza kwa spoki za baiskeli. Ikaruka! Jumapili baada ya ibada, kabla upepo haujachachamaa, ilizunguka juu ya alizeti, nami nikikimbia chini yake huku najiuliza: inamsikiaje baba, na yeye hasemi neno?

Bibi, mama yake baba, hakuipenda. Kuku wake walidhani ni mwewe. Matetea waliacha mayai wakakimbilia chini ya kihenge, nasi tukasaka vifaranga hadi mlenda unapoa mezani.

"Mwewe wa Mungu huchukua kifaranga kimoja akashiba," alisema bibi. "Huyu wenu hashibi."

Nilimsumbua baba mno anipe rimoti, mara moja tu. Hatimaye akaniahidi Jumapili. Jumamosi bawa likachanika, na gundi ilikuwa imekwisha. Baba akalibandika karatasi za daftari kwa uji mzito wa mtama, akalianika kwenye mkeka uani, akaniambia nililinde mpaka atakaporudi kutoka shambani.

Nililinda kidogo. Kisha udadisi ukanizidi: baba hayupo, rimoti ipo. Nikaingia ndani na bisibisi, nikaifungua nione hiyo sauti imejificha wapi. Niliona nyaya tu. Nilipotoka, kuku waliokuwa wakiikimbia ndege ikiwa angani walikuwa wanaila ikiwa chini. Uji wa mtama, wangeuachaje? Bawa lilibaki matundu.

Baba aliporudi aliuliza, "Nani alikuwa hapa?"

Bibi, aliyekuwa akipepeta nafaka mlangoni, alijibu bila kuinua macho.

"Nilimtuma kisimani. Nikasema nitalinda mwenyewe, nikasahau."

Hakuwa amenituma popote. Baba alilitazama bawa, akaingia ndani. Msimu wa kulima ukaanza, betri nayo ikafa, na ndege haikuruka tena. Nilinyamaza miaka yote hiyo, hata siku tulipomzika bibi. Niliona aibu.

Basi pale sakafuni nikamwambia baba kila kitu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nilijua, mama. Ndoo zote zilikuwa kavu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mama yangu sikuwahi kumsikia akidanganya hata siku moja. Nikajua amekupenda kuliko kuku wake."

Kihenge kimebomolewa, kwenye alizeti kumejengwa nyumba za bati, na watoto wa siku hizi hawaniamini nikiwasimulia. Miaka mingi nilikuwa nikiidai zamu yangu ya kurusha. Siku ile sikuitaka tena. Nilitaka bibi awe pale mlangoni na ungo wake, nimpe shikamoo, nimwambie asante.