Siku Niliyoitwa Daktari Nikaitika

Kuna watu nikiwaona kwa mbali hapa Kaisho mpaka leo nakata kona naingia kwenye mibuni ya watu kana kwamba natafuta kitu kilichodondoka, na wa kwanza kati yao ni nesi wa zahanati yetu, dada Adventina, ambaye hajawahi kunisema vibaya popote, na hilo ndilo linaloniumiza, maana angenisema ningepumua. Basi acha nijiseme mwenyewe, kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiisimulia habari hii na kunipunguzia makosa.

Mimi nasoma India, Chennai, mji mkubwa ulioko pwani, wenye joto linalokukamua kama nguo ya kufuliwa. Nasomea usimamizi wa bandari: meli gani itie nanga lini, kontena lipi lishuke kwanza, lori lipi lipakie. Nimekaa kule miaka mitatu, mtu wa wilaya yetu ya Kyerwa ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto Kagera, nikazoea harufu ya chumvi kwenye shuka, nikazoea kula wali juu ya jani la mgomba (nikawaambia wenzangu kwamba kwetu jani hilo tunafunikia ndizi zikiwa jikoni, wakaniona nawatania). Chumba nilikaa na Msudani mmoja mpole, Yasir. Yeye ndiye aliyekuwa anasomea udaktari. Lishikeni hilo, ni yeye, si mimi.

Sasa kwetu mtu akitamka India, watu wanasikia hospitali. Mgonjwa akishindikana Bukoba, akashindikana Mwanza, akashindikana Dar es Salaam, ndipo utasikia wanasema huyu apelekwe India. Kwa hiyo baba aliposema kijana wangu yuko India anasoma, hakuna aliyeuliza anasoma nini. Mama aliponiita daktari mara ya kwanza kwenye simu nilimsahihisha, nikamwambia nasomea mambo ya bandari. Akauliza taratibu, "Bandari ya wapi, mwanangu? Huku Kaisho?" Mara ya pili aliponiita daktari, nikaitika.

Ndiyo hivyo tu. Niliitika. Wiki chache baadaye akaomba picha, nami nikaazima koti jeupe la Yasir na kile kipimo chao cha kuning'iniza shingoni, nikasimama mbele ya dirisha nikakunja uso kidogo kama mtu aliyetoka kuokoa maisha ya watu wawili watatu. Yasir aliuliza picha ya nini. Nikamwambia ya mama tu. Mama akaisafishia mjini Kayanga, kubwa, akaitundika sebuleni.

Nikaja likizo. Jumapili ya kwanza baada ya misa wazazi wakaandaa chakula cha shukrani, turubai likafungwa uani, ndizi zikapikwa, mbuzi akachinjwa, spika mbili zikawekwa. Kabla sijakaa nilishaonyeshwa goti la bibi mmoja, jicho la mzee mwingine na mgongo wa shangazi, na wote niliwaambia wanywe maji mengi na wapumzike. Walishukuru sana. Mmoja alisema madaktari wa huku hawajawahi kumweleza vizuri namna ile.

Mgeni wa heshima alikuwa Mzee Felician, katekista mstaafu, baba yangu wa ubatizo, mtu aliyenisindikiza kwa miguu siku nilipoanza sekondari kwa sababu baba alikuwa anaumwa. Hotuba zikawa ndefu, chakula kikachelewa, na zamu yake ilipofika jua lilikuwa limeshaegemea magharibi. Akapewa maiki. Alianza vizuri, akasema yeye ndiye aliyenishika mimi kanisani nikiwa kichanga, halafu akalisema tena hilohilo, halafu mara ya tatu, na hapo nikaona jasho linamtiririka ilhali kulikuwa na upepo. Miguu ikamlegea. Akaketi chini kwenye majani, maiki ikaanguka pembeni yake.

Baba akasimama. "Watu wapisheni," akasema. "Daktari yupo."

Wakapisha. Nesi Adventina alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa wapishi, nikasikia mtu akimzuia kwa upole, "Subiri kwanza, waitu, yupo wa India." Akasubiri. Nami (hapa ndipo ningeweza kusema neno moja yakaisha) nikapiga magoti. Nikamshika mzee mkono nikibonyeza kwa kidole gumba kutafuta mapigo ya moyo, nikayapata, yanakwenda kasi mno, na baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba gumba lina mapigo yake, kwa hiyo mtu niliyekuwa nampima ni mimi mwenyewe.

Mkewe, Mama Leokadia, alikuwa ameshafungua chupa ya soda anataka kumnywesha. "Ana sukari huyu, daktari," akaniambia. Nikawaza kama mtu wa mizigo: ghala likijaa huongezi shehena. Nikasema kwa sauti nzito ambayo sijui niliitoa wapi, "Ondoa hiyo soda, mama. Utamuua."

Akaiweka chini. Mwanamke aliyemuuguza mumewe miaka yote hiyo aliiweka chini kwa sababu nilisema mimi.

Nikaagiza maji. Mzee akanitazama asinione, akaniita kwa jina la kaka yake marehemu. Hapo nesi akawasukuma watu akapita.

"Umempima sukari?" akaniuliza.

"Bado."

"Mama, amechoma sindano yake leo?"

"Asubuhi, kabla ya misa," akajibu Mama Leokadia.

"Amekula?"

"Hajala. Alisema anakuja kula kwa mwanawe."

Nesi akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini ili asiniaibishe, "Uko mwaka wa ngapi wa udaktari?"

Nami nikamjibu kwa sauti ya chini vilevile, "Mimi si daktari, dada. Nasomea bandari."

Maiki ilikuwa majanini karibu na goti langu, na hakuna aliyekuwa ameizima. Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili. Nadhani ilifika hadi barabarani. Bibi wa goti aliangalia glasi yake ya maji.

Sukari ilikuwa imemshuka mzee kwa sindano na njaa, si kupanda, nesi akaichukua ileile soda niliyoikataza, akamnywesha kidogo kidogo, na baada ya muda mzee akauliza mbona watu wamesimama, ndizi zimeungua? Watu wakacheka kwa kushusha pumzi. Mimi sikuweza. Mama aliingia ndani, na nilipopita sebuleni baadaye ukutani palikuwa na msumari mtupu. Baba hakunigombeza. Alisema tu, bila kuniangalia, "Hilo neno la bandari ningejifunza kulisema."

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Felician. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza nimekuja kumtibu au kumsalimia. Nikaomba msamaha, machozi yakanitoka, akaniacha nilie hadi nikamaliza, kisha akasema, "Haya, sasa nieleze hiyo kazi yako." Nikamweleza jinsi gunia la kahawa likitoka kwake linavyofika pwani, na jinsi linavyoweza kuozea huko kama hakuna anayejua lipande meli ipi. Akafikiri. "Na jambo kama hilo ndilo ulilolionea aibu," akasema. Afadhali angenipiga fimbo.

Kutoka hapo nikapitia zahanati. Nesi alikuwa anaandika kadi za watoto, hakuinua kichwa. "Ungesema tu hujui," akasema. "Mimi nasema sijui kila siku. Ndiyo maana watu wangu wanafika hospitali ya wilaya wakiwa hai."

Tangu siku hiyo nikiulizwa nisilolijua nasema sijui haraka sana, wakati mwingine hata kabla swali halijaisha. Juzi mtu alinisimamisha njiani kuniuliza saa, nikamwambia sijui, na saa nilikuwa nimeivaa.