Sipandi Mpaka Izimwe

Mume wangu alikuwa fundi wa mawasiliano. Alifanya kazi kwenye kilima nje ya Kolwezi, penye mnara wa antena zilizorusha mawimbi ya mikrowevu na kubeba simu za kampuni ya migodi. Antena ikilegea, alipanda kuikaza. Mwenzake alibaki chini, akazima mashine, akatia ufunguo mfukoni hadi mume wangu ashuke.

Mwenzake huyo alikuwa Mkasai. Watu wa Kasai walipoanza kufukuzwa Katanga, alichukua mke, watoto na godoro, wakaenda kulala stesheni kungoja treni. Baba yangu naye alitoka Kasai, ila mimi nilizaliwa Kapata, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba za kampuni, na niliolewa na mtu wa kaskazini ya Katanga.

Kampuni ilikuwa inakufa. Vipuri viliisha. Shefu, mkubwa wake wa kazi, akakataza mashine isizimwe kamwe, maana huenda isingewaka tena. Mume wangu akawa anapanda mawimbi yakiendelea kutoka. Alirudi nyumbani macho mekundu, kichwa kinamgonga.

"Nasikia joto usoni," aliniambia, "kama mtu aliyeinamia mbabula ya makaa."

Baadaye ukungu ukaingia machoni mwake. Asubuhi moja akamimina chai pembeni ya kikombe, na hakuona mpaka ilipomchuruzikia magotini. Nikampeleka kwa daktari wa kampuni.

"Tata, unakunywaka pombe mingi?" daktari akauliza.

"Huyu ni mzee wa kanisa," nikajibu. "Pombe hajui ladha yake."

"Basi ni uzee."

"Dokta, wewe ndiye mkubwa kwake kwa miaka. Mbona macho yako ni mazima?"

Akatuonyesha mlango.

Juma hilohilo vijana wakaja nyumbani. Wakati ule walituita sisi wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Mmoja wao nilikuwa nimempa uji utotoni mwake. "Mama, treni iko stesheni," akasema. "Enda kwenu."

Nikamwambia kitovu changu kimezikwa nyuma ya nyumba hizi, na kama anataka niondoke aje anibebe. Hakuna aliyenigusa. Walipofika barabarani wakatupa jiwe, dirisha likavunjika. Nilifagia vioo, nikapika ugali, tukala.

Siku iliyofuata nilimshika mume wangu mkono nikapanda naye kilimani. Njia hakuiona vizuri tena. Shefu akamwambia antena imelegea, apande.

"Zima kwanza," mume wangu akasema.

"Unajua haizimwi."

"Basi mi sipandi mpaka izimwe."

Shefu akanigeukia. "Ni huyu kilulu anakufundisha?"

Niliogopa, sitadanganya. Lakini mume wangu alikwisha kuweka mkoba wa vyombo chini. "Huyu ni mke wangu," akasema. "Na macho haya si vipuri vya kampuni. Unifukuze."

Akafukuzwa papo hapo. Tulishuka polepole, na njiani akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Walituambia tuhame nyumba. Hatukuhama. Kampuni ilishindwa kulipa hata walinzi, nani angekuja kututoa? Mimi nilichoma mikate, nikauza.

Ilichukua muda mrefu kumpata daktari wa macho, katika hospitali ya misheni. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, akauliza kazi yake. Tukamweleza.

"Siwezi kuapa kwamba ni mawimbi," akasema. "Lakini yanapashaka nyama joto, na lenzi ya jicho haina damu ya kuipoza. Kazi ile haikupaswa kufanywa hivyo."

Alimpasua. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilikataa.

Kampuni ilimtuma mtu kumwomba arudi, kwa kuwa hakuna aliyebaki anayeijua mashine. Mume wangu akauliza swali moja tu: nani atazima? Mjumbe akaondoka.

Sasa anatengeneza redio barazani kwa jicho moja. Wateja wanampa pole ya uzee. Anaweka bisibisi chini na kuwaambia: "Si uzee. Ni kazi." Kisha anaanza kuwaeleza, na hawaachi mpaka waelewe.