Tofali la Jiko la Shule

Nasto aliwapikia uji watoto wa shule yetu kwa miaka ishirini na miwili. Kabla yake, mama yake, Palaga, ndiye aliyekuwa akiwasha kila alfajiri jiko kubwa la matofali lililoipasha joto shule nzima. Wilaya ilipotangaza kwamba shule imefungwa kwa muda ili ifanyiwe matengenezo, Nasto alicheka palepale mkutanoni, kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Mimi ni mpasua mbao. Nasto ndiye aliyening'ang'ania mpaka nikawa mpiga ngoma wa bendi yake. Tuko watatu tu. Yeye anaimba na kupiga kantele, kinubi cha kulaza mapajani alichochongewa na babu yake. Huoti, dereva wa trekta, ana gitaa la umeme. Ngoma ni zangu. Tunachukua nyimbo za bibi zetu, kwa Kikarelia kilekile, lugha yetu ya kijijini, tunazitia mshindo wa leo. Wapo wanaosema tunawasumbua marehemu. Nasto huwajibu kwamba marehemu wa huku walikuwa wakicheza mpaka mbao za sakafu zinavunjika, asije mtu leo kuwafanya watawa.

Lakini kulikuwa na wimbo mmoja ambao hakuweza kuuimba, nao ulimkaa rohoni. Alikuwa ametunga maombolezo ya kuililia shule, na Palaga alimkataza kuyaimba. Bibi huyo ana miaka themanini na minne, na hakuna mwingine aliyebaki kwetu anayejua kuomboleza sawasawa. Kwa desturi yetu haombolezwi aliye hai, maana kumlilia ni kumwitia mauti. Tena anayeombolezwa hatajwi kwa jina. Huitwa kwa maneno ya mapenzi, kwa kuzunguka.

"Wamesema matengenezo," Palaga alimwambia. "Bado inapumua. Usiniulie."

Mama na binti walinuniana majira yote ya kuchipua. Nasto hakutaka wimbo tu. Alitaka mtu mmoja kijijini aseme wazi kwamba tumedanganywa, kwa sababu watu walikuwa bado wanangoja kwa adabu, huku familia zikihama moja moja. Mimi pia nilikuwa nangoja, na naona aibu kusema hivyo.

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Ilya, sikukuu ya kijiji chetu, tulikwenda makaburini kama kawaida, tukala vikate vya viazi na wafu wetu. Palaga alibaki huko na wanawake wenzake. Mimi na Nasto tulitangulia, tukapita shuleni, tukakuta trela mlangoni na wanaume wawili wageni wakipakia matofali ya lile jiko. Walisema wametumwa, hawakusema na nani. Kwetu paa likiporomoka nyumba inaweza kuponywa, lakini jiko likibomolewa, nyumba imekufa. Nasto alichukua tofali moja kutoka kwenye trela, akalipakata, akaondoka nalo bila kumuaga mtu.

Katika ukumbi wa kijiji, ambako bendi yetu ilikuwa itumbuize sikukuu hiyo, msimamizi, Tamara Petrovna, alikuwa ameshamkalisha mgeni wa wilaya mstari wa mbele. Akatuletea mavazi mekundu ya kukodi na vilemba vya shanga, akatuagiza tuimbe nyimbo tatu za furaha, fupi.

"Hayo si yetu, Tamara Petrovna," Nasto alimwambia. "Anayevalishwa ni mwanasesere."

Akapanda jukwaani na aproni yake ya jikoni. Akaliweka tofali mbele ya miguu yake, akaanza yale maombolezo yaliyokatazwa. Huoti akamfuata kwa gitaa, nami nikaingia na ngoma. Alipofika kwenye maneno "shule yangu, shule yangu", Tamara Petrovna alizima umeme. Gitaa likafa. Huoti alilishusha begani, akaendelea kupiga sakafu kwa buti. Nami sikuiacha ngoma.

Ndipo Palaga, aliyekuwa amefika kutoka makaburini na wenzake, akainuka kutoka benchi la nyuma na fimbo yake. Tukaacha kupiga. Alikuja taratibu hadi jukwaani, akainama, akapitisha kidole kwenye tofali. Upande mmoja ulikuwa mweusi kwa masizi ya moto wake mwenyewe.

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye trela, mama. Jiko limebomolewa lote."

Bibi akamgeukia mgeni wa wilaya. "Mliniambia inapumua."

Mgeni alianza habari za bajeti na awamu za matengenezo. Palaga hakumsubiri amalize.

"Umekosea," akamwambia binti yake. "Umemtaja kwa jina. Aliyekufa hatajwi. Anza upya, uanze vizuri, nami nipo." Kisha akanitazama. "Na wewe piga kwa nguvu. Huko wilayani wana masikio mazito."

Ukumbi mzima ukasimama, kama tunavyomsimamia maiti. Tamara Petrovna, ambaye alijifunza kusoma katika shule hiyohiyo, aliuondoa mkono kwenye swichi, akainamisha kichwa. Mama na binti waliweka leso mashavuni, wakaanza pamoja: ee kifua chenye joto, ee mlezi wa vidole vidogo. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Mgeni wa wilaya alibaki amekaa peke yake, na mbele ya macho yake, mchana kweupe, tulimlilia yule ambaye wilaya ilikuwa ikituapia kwamba yu hai.